Asumini Niliyoifunika Kanga

Alhamisi

Na ni mimi mwenyewe niliyejigamba barazani kwamba kikuba cha harusi cha binti yangu Mwanaisha, kile kishada cha maua ya kunukia, kitatoka kwenye asumini ya marehemu mamake, si maua ya sokoni. Harusi ni kesho. Nikahofia matumba yatachanua mapema, nikaufunika mti kanga siku tano. Leo nimefunua, karibu yote yamepukutika.

Mwanaisha, msomi wetu wa kemia ya mimea, hakunikaripia.

"Baba, umeunyima mwanga. Gizani, protini zinazotengeneza sukari kwenye jani hubandikwa chembe ya fosfeti, zikapoa. Mwanga ukija hubanduliwa, zikaamka. Matumba yamekosa chakula."

"Kumbe nimezisimamisha kazi protini zote, na darasa la saba langu!"

Akacheka. Mimi sikucheka wala sikulia. Tangu tumzike mamake niko hivi, ganzi tupu. Mizaha yatoka mdomoni tu.

Yalibaki matumba matatu. Ameyatunga pamoja na majani ya mrehani, akaninusisha.

"Yanukia, Baba?"

Sikusikia harufu yoyote. Nikamwambia, "Yanukia kama mamako siku aliyoingia nyumba hii."