Isale Lililopakwa Glita

Kaloleni, Arusha
Jumanne, juma la tatu la Majilio

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Ni mimi Otilia wako, na huu mwandiko usiucheke, naandikia juu ya goti. Naomi yuko chini ya meza anapiga sufuria na mwiko, hizo ndizo salamu zake kwa bibi yake wa Mbinga. Vipi goti lako, limekubali kile kilima cha kanisani? Mahindi mmeshapanda au mvua bado inawachezea? Na yule mbuzi mwenye pembe moja bado anaingia jikoni?

Sisi huku wazima, ila uchovu mama, uchovu. Mtoto anaota magego, halali wala halazi. Desemba kwa mafundi cherehani ndiyo mwezi wa kuvunjika mgongo, kila mama anataka gauni la krismasi la binti yake na kila bibi harusi anataka lake kesho. Lakini tunakula, tunacheka, na asubuhi mlima Meru unaonekana wote kama umenawa uso.

Najua unajiuliza mbona nimeandika barua na simu unayo. Kwanza, kwenye simu ukisikia tu jina la mama mkwe wangu unakata. Barua huwezi kuikata. Pili, humu ndani ya bahasha kuna kitu nimekikunja kwenye karatasi ya daftari na kukifunga uzi mwekundu. Usikifungue kwanza. Mama, naijua mikono yako. Kiweke kwenye kikapu cha kushonea, soma mpaka mwisho.

Nianze na vumbi.

Vitambaa vya magauni ya sendofu, zile sherehe za kumuaga bibi harusi, siku hizi vyote vinametameta. Kila mkasi ukipita, ile glita inamwagika. Jioni sakafu ya dukani inang'aa kama mgongo wa samaki, tunafagia, tunatupa, na bado nyingine tunarudi nayo nyumbani kwenye nywele. Baba Naomi alikwenda kazini Kisongo na glita kwenye ndevu, mafundi wenzake wa ujenzi wakamwita bwana harusi wiki nzima. Basi nikajiuliza, hivi hili vumbi haliwezi kufanya kazi yoyote? Nikaanza kulifagilia kwenye kopo la maziwa ya mtoto. Nikalichekecha kwa kichujio cha chai kuondoa nyuzi. Mama, ungeona! Kopo zima, rangi ya dhahabu na fedha na kijani kidogo, bure kabisa.

Sasa litashika kwenye nini, na kwa gundi gani? Hapo ndipo nilipopotelea. Nilipika uji mzito wa ngano, ule tuliobandikia karatasi za shule. Nikatoboa mayai, nikapuliza ute tukala, maganda nikayapaka uji nikayaviringisha kwenye glita. Yakapendeza sana. Asubuhi sisimizi wamejipanga kutoka dirishani, wamekula ngano yote, wameniachia maganda meupe na glita chini. Nikakaa nikawatazama tu. Nilitaka kujua glita wanaipeleka wapi. Hawakuipeleka, waliikwepa! Nikaenda kwa seremala wa jirani, akanipa gundi nyeupe ya mbao kwenye kifuniko. Hiyo sisimizi hawaitaki.

Baba Naomi aliporudi akakuta maganda yananing'inia dirishani kwenye uzi. Akasimama mlangoni na ndoo yake ya vifaa.

"Mke wangu, hii ni krismasi au tumepata mganga?"

"Ni krismasi. Vua viatu."

Mwenye nyumba wetu ameweka taa zinazowaka na kuzima mchana kutwa, na zinaimba zenyewe wimbo mmoja usioisha. Mimi sikutaka hivyo. Macho yangu yamechoka mama, na masikio pia. Nilitaka krismasi isiyopiga kelele. Maganda sita dirishani, basi. Jua likipita saa kumi yanang'aa kidogo ukutani, Naomi anayakimbiza kwa kiganja, halafu yananyamaza.

Jumamosi moja nilikwenda Olmotonyi na Rehema, mwenzangu wa dukani, shangazi yake anakaa huko kwenye misitu ya kupandwa. Chini ya mipaina kumejaa matunda yake makavu, yale yenye magamba kama kakakuona. Niliokota mfuko mzima na Naomi mgongoni. Wakati wa kurudi, kwenye ua wa nyumba moja nikaona majani marefu ya kijani, membamba, magumu, yamesimama kama mikuki. Kwetu hayapo hayo, au yapo mimi siyajui? Nikamwomba mama mwenye nyumba manne ya kupambia. Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Una ugomvi na nani?"

Nikashangaa. Nikasema moyoni, watu wa huku wana maneno. "Sina ugomvi na mtu, bibi. Nataka majani tu."

Akacheka, akayakata kwa kisu, akanipa kwa mikono miwili. "Haya. Usiyatupe njiani."

Nyumbani nikakuta jani ni refu mno, linaburuta. Nikalikunja, nikalipiga fundo katikati, nikaona limekuwa kama nyota. Nikalipaka glita pembeni tu, kidogo, kama upindo wa gauni. Nikafanya mawili. Moja nililitundika mlangoni Jumamosi iliyopita, Baba Naomi alipokwisha kuondoka. La pili, mama, sikiliza la pili lilikokwenda.

Wewe unajua ugomvi wangu na mama mkwe, lakini ulisikia upande wangu tu, tena ninalia. Acha niuseme sawasawa. Desturi ya huku, aliyejifungua mtoto wa kwanza analelewa na mama mkwe miezi mitatu, ndani, mtori wa ndizi na nyama, na maziwa na supu, hashiki jembe wala ndoo. Alinichukua kule juu Meru akanilea vizuri. Nasema kweli, vizuri. Lakini bosi wangu alinipa mwezi mmoja tu, cherehani yangu ilikuwa inataka kupewa mtu mwingine. Na kingine sijawahi kukwambia. Nilikutaka wewe. Kila alipoleta bakuli nilitazama mlango kama utaingia wewe. Wiki ya tatu nikasema naondoka. Akasema sitoki. Nami nikamwambia mbele ya jirani zake, "Mama, mimi siyo ng'ombe wa kunenepeshwa." Mama wa watu aliyekuwa anaamka saa kumi alfajiri kunipikia! Ndipo akakupigia wewe simu akakwambia umenilea bila adabu, na wewe ukamjibu yale uliyomjibu. Tangu siku hiyo mjukuu wake ameota meno, ametembea, ameita "baba", na yeye hajakanyaga hapa. Alisema hatakuja mpaka nimwendee. Na mimi nikasema siendi, sina kosa.

Basi Baba Naomi alipokuwa anapanda kwao kupeleka saruji ya choo, nikafunga katoni. Matunda ya mipaina yenye glita, maganda matatu nimeyavingirisha kwenye pamba, na juu kabisa lile jani la fundo. Nikaandika, "Kwa Bibi, kutoka kwa Naomi." Siyo kutoka kwangu. Mtoto hana ugomvi na mtu. Nikabandika gundi ya karatasi, Baba Naomi hata hakuona kilichomo. Aliishusha mezani kwa mama yake, akaenda Kisongo kazini, zamu ya kulala huko huko.

Kesho yake Jumapili, narudi kanisani, Mama Tumaini wa chumba cha pili amesimama mbele ya mlango wangu, mikono kiunoni.

"We Mama Naomi, umemkosea nani?"

"Kwa nini?"

"Si hilo isale! Umelifunga fundo, umelitundika. Hili ni la kuombea msamaha, Wameru na Wachaga wote wanajua. Mtu akikuletea isale lenye fundo huwezi kukataa, hata kama alikuulia ng'ombe. Na hii nini, glita? Yesu wangu, amepaka isale glita!" Akacheka mpaka akashika ukuta.

Mimi sikucheka. Nikampigia Baba Naomi, hapatikani. Nilikuwa nimemwomba msamaha yule mama bila kujua, kwa kosa ambalo nilikuwa nimeapa sina. Sijui nilichoogopa zaidi, kwamba atakubali au kwamba ataona namfanyia mzaha.

Saa tisa alasiri akaingia uani. Kitenge cha kanisani, chupa ya chai mkono mmoja, na mkono mwingine lile isale langu, linametameta. Watoto wa uani wote wakaacha mchezo. Taa za mwenye nyumba tu ndizo zilizoendelea kuimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akaketi kwenye kigoda, akatazama dirishani. "Hayo mayai mlikula wenyewe?"

"Tulikula, mama."

"Mayai matatu nimeletewa na mimi. Matupu."

Sikujua kama ni utani. Nikaona nikinyamaza nitakuwa nimepokea kitu cha wizi. Nikapiga magoti nikamwambia, "Mama, nisikudanganye. Mimi hilo jani sikujua maana yake. Nilidhani ni pambo. Nimeambiwa leo."

Akaligeuza geuza mkononi. "Najua."

"Unajua?"

"Nani anaomba msamaha na glita? Na fundo lenyewe umefunga la kufungia mbuzi."

"Sasa mbona umekuja?"

Naomi akatoka chini ya meza, akamwendea bibi yake moja kwa moja, akashika ncha ya jani akalivuta. Wakawa wanavutana polepole, bibi na mjukuu, hakuna anayeachia.

"Nililiweka mezani tangu jana," akasema, anamtazama mtoto. "Nikasema nitalirudisha, nimwambie huyu msichana wa Mbinga kwamba amekosea. Nikavaa. Nikafika barabarani nikajiona nimebeba hii chupa ya chai, ndani nimejaza mtori. Mtu anayekwenda kurudisha kitu anabeba mtori? Nilikuwa nimechoka, Mama Naomi. Nilikuwa natafuta sababu."

Mama, hapo nililia. Lakini nikasema pia la kwangu, maana ulinifundisha nisikubali kosa lisilo langu kwa ajili ya machozi. Nikamwambia, "Kwa kuondoka sitaomba msamaha, mama. Ningepoteza kazi. Lakini lile neno la ng'ombe nilikosea. Na mbele ya jirani zako. Hilo naliomba."

"Basi funga upya," akasema. "La sasa liwe lako kweli."

Nilikuwa na majani mawili yamebaki kwenye ndoo ya maji. Akanionyesha. Kidole hiki hapa, jani linazunguka, linapita chini, unavuta taratibu lisipasuke. Nilikosea mara mbili, akanipiga kofi la mkono kama mtoto. Mara ya tatu fundo likakaa. Nikalishika kwa mikono miwili nikampa, akapokea, akasema, "Yameisha." Halafu akamimina mtori, akamlisha Naomi, akanilisha na mimi kijiko cha kwanza. Nikala wote. Nilikuwa na njaa kumbe.

Kisha akaniuliza jani la mwisho ni la nani. Nikasema halina mwenyewe. Akalichukua, akalifunga yeye.

"Mama yako simjui hata sura," akasema. "Nilimtukania malezi yake kwenye simu, na malezi yenyewe ndiyo haya yamekuja kuniambia ukweli wakati uongo ungekufaa. Mpelekee."

Nikamwambia, "Mama yangu halijui isale. Ataliona ni jani."

"Si utamwandikia?"

Ndiyo maana nimeandika. Mama, nami sikulazimishi. Yale uliyomjibu ulikuwa unanitetea na nimeyaweka moyoni. Lakini Naomi ana bibi wawili na hawajawahi kusalimiana vizuri hata mara moja. Kuna kitu nataka kukuuliza pia, kimenisumbua tangu Jumapili: kwetu tunaombea msamaha na nini? Nimefikiri sana, nakumbuka babu akitemewa mate kifuani na ndugu yake, au niliota? Niambie. Naona aibu kujua la kwao na nisijue la kwetu.

Bahasha inakuja na basi, kaka Kandidus aipokee stendi, mwambie asiitie kwenye mfuko wa lile koti lake jipya akaikalia. Nisalimie shangazi anayepiga ngoma kwaya, mwambie glita ya kilemba chake nitamletea kopo zima. Nisalimie mwalimu wangu wa darasa la tano, aone herufi zangu bado zinalala. Mdogo wangu wa mwisho mwambie avute maji, asikungoje wewe na goti lako. Na baba, pale alipolazwa chini ya mchungwa, mpelekee ganda moja la yai nililolituma pamoja na bahasha hii, kwenye kopo lenye pamba, litundike tawini. Alipenda vitu vidogo.

Sasa fungua ile karatasi.

Litakuwa limenyauka kidogo, safari ni ndefu. Lakini fundo lake halilegei, nimelijaribu. Mama mkwe hakulipaka chochote, alisema isale ni isale. Hiyo glita utakayoiona kwenye ncha ni vidole vya Naomi. Alilishika kabla sijaziba bahasha.

Ukishalipokea mpigie. Namba yake nimeiandika nyuma.

Mwanao anayekupenda na asiyechoka kukusumbua,
Otilia, Mama Naomi