Masalu Alipata Zote

Bugarama, Msalala
Jumapili, 17 Agosti 2025
Tangu nitoke nyumbani: mwaka mmoja na miezi minne

Mpendwa dada Salvina,

Shikamoo. Kifua cha mama kinaendeleaje na vumbi hili la Agosti? Shemeji na watoto hawajambo? Na lile darasa lako la watoto mia na thelathini, wamekupunguzia, au bado wanabanana watano dawati moja? Mimi ni mzima. Mgongo unauma, lakini mgongo wa mchimbaji kuuma si habari.

Utashangaa kwa nini nimeandika karatasi wakati simu ninayo. Kwenye simu ungenikatiza kwa maswali, nami ningepata njia ya kukwepa.

Unakumbuka mwezi Machi nilikupigia nikijigamba kwamba nimekuwa mwalimu. Msimamizi wa duara letu, yaani shimo tunalochimba, Bwana Edson, aliletewa utaratibu mpya wa usalama: kila mchimbaji mgeni aoneshwe video kwenye simu, kisha ajibu mwenyewe maswali matano humo humo, ndipo aruhusiwe kushuka shimoni. Akatafuta mtu anayejua kusoma na mwenye simu ya kupangusa, akaniona mimi niliyeishia darasa la sita. Wakaanza kuniita Ticha. Mama Jenifa anayetupikia alinicheka, akasema ticha gani huyu anapanga foleni ya ugali na tope masikioni, lakini maharage yangu yakaongezeka. Dada, nililipenda lile jina.

Wewe ukanitumia ujumbe wa sauti wa dakika tisa. Ulisema simu ni chaki tu, haifundishi mtu. Ulisema nisiulize kama wameelewa, kwa sababu hata asiyeelewa ataitikia pamoja na wenzake. Nimwite mmoja mmoja aoneshe kwa mikono. Wasiojua Kiswahili vizuri niwaeleze kwa Kisukuma, kama unavyowarekodia hadithi watoto wako wa darasa la kwanza. Na kabla ya yote niwaulize wanajua nini tayari, maana hakuna anayefika darasani akiwa mtupu. Niliusikiliza mara moja, nikajisemea hayo ni ya watoto.

Julai walikuja wageni kumi na mmoja, wengi wametoka kwenye ng'ombe. Mmoja wao ni Masalu wa Bukombe, baba wa watoto wawili, mpole, Kiswahili chake cha kuokoteza. Niliwaonesha video. Jambo kubwa mle ni kamba ya ishara: anayepandishwa na winchi akivuta mara moja, walio juu wasimame, akivuta mara mbili, waendelee kumpandisha. Nikauliza kama wameelewa. Wakaitikia ndiyooo, kama darasa la tatu.

Jumatano iliyopita Masalu alikuwa anapandishwa, mguu wake ukanasa kwenye matimba, ile miti inayozuia kuta zisibomoke. Akavuta kamba mara mbili. Walio juu wakazidi kupandisha. Akavuta tena mara mbili, wakazidi tena, wakitaniana kwamba huyu leo ana njaa. Kelele zake zilimezwa na mashine ya hewa. Walipomtoa, mguu ulikuwa umevunjika sehemu mbili.

Alhamisi nilikwenda hospitali, nikamuuliza kwa Kisukuma kwa nini alivuta mara mbili. Akanijibu bila hasira kwamba kwao, wakati wa kiangazi, wanachimba visima kwenye mchanga wa mto ili ng'ombe wanywe. Aliye chini akivuta mara moja, ndoo ipande. Akivuta mara mbili, wangoje. Amefanya hivyo tangu utotoni.

Ijumaa Bwana Edson akatuita. Alisema simu inaonesha Masalu alipata alama zote tano, kwa hiyo ni uzembe wake mwenyewe, na duara halitamtibu. Daktari ameshasema mguu ule usipowekewa chuma, Masalu atakuwa kiwete. Kesho kamati ya usalama inakaa kulipitisha jambo hilo. Bwana Edson akanipiga bega, akasema Ticha, wewe kaa kimya tu, simu imeshakusemea.

Jana niliwachukua wale kumi waliobaki, nikafunga kamba kwenye nguzo ya winchi, hapa juu, bila simu. Nikamwambia kila mmoja: mguu wako umenasa, wasimamishe. Wanne walivuta mara mbili. Wanne kati ya kumi, dada, na simu inasema wote walipata zote.

Sasa nikueleze walivyozipata. Ni kwa dole gumba langu. Siku ile mtandao ulikuwa unakatika, nilikuwa nimetoka zamu, na wengi wao hawajui kusoma. Niliwaambia wakapumzike, nikakaa juu ya kiroba cha mawe nikabonyeza majibu ya watu kumi na mmoja, sahihi yote.

Na hilo silo linaloniuma zaidi. Video ilipofika kwenye kamba, Masalu alinyoosha mkono. Akaanza kusema kwa Kisukuma kwamba kwao, kisimani, kamba huvutwa hivi. Nikamkata. Nilimwambia akae chini, hapa siyo mnadani, hapa tunaongea Kiswahili. Wenzake wakacheka, naye akacheka, akakaa. Nilimwelewa, dada. Ni lugha tuliyokua nayo mimi na wewe. Nilitaka tu nionekane ticha.

Kesho nitaingia kwenye kamati niyaseme haya yote. Wale wanne nimewaomba waje wavute kamba mbele ya wakubwa; mmoja amekataa, watatu watakuja. Bwana Edson amepata habari, mchana huu amemtuma mtu aniambie nifikirie vizuri. Nimefikiria, na naogopa. Ndiyo maana barua hii nampa kondakta wa basi la Shinyanga leo hii, ili hata kesho ulimi ukigoma, wewe uwe umeshajua.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Mama usimsomee habari za kamati, mwambie tu kwamba nakuja. Baada ya kesho hapa sitakuwa na kazi. Jumanne nitapitia Bukombe kwa mke wa Masalu, nimwambie mwenyewe, kabla mwingine hajamwambia kwamba mumewe alikuwa mzembe. Wasiponizuia, nitegemeeni Ijumaa jioni, tarehe 22.

Ni mimi mdogo wako,
Deusdedit