Kinywa cha Ngege na Daftari la Kidato cha Nne

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, ingawa mimi ni mtu aliyezoea kutoa majibu na si kuyaomba, kwa maana nimefundisha biolojia miaka saba katika shule ya sekondari ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wananchi, kando ya ziwa karibu na Asembo Bay, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kuingia darasani bila kujua nitakalosema, ilhali tangu muhula huu wa kwanza wa 1974 uanze nasimama mbele ya ubao, chaki mkononi, na sijui niandike nini.

Desemba iliyopita nilipelekwa Kisumu kwa kozi ya wiki mbili ya walimu wa sayansi, na siku ya tatu mkufunzi wetu, Bi. Kageha, alituletea ngege, wale samaki wa ziwani, wabichi kutoka sokoni, akampa kila mwalimu mmoja na karai lake, akasema tusipasue tumbo kwanza bali tufungue kinywa, nami nikafungua, na mayai ya manjano yakamwagika ndani ya karai, naye akaeleza kwamba jike huyatunza kinywani mpaka yaanguliwe. Mwalimu Wahome wa Nyeri, aliyekuwa kando yangu, akacheka: "Bwana, mbona umenyamaza hivyo? Samaki amekuuma?" Nami nikazidi kuyatazama mayai yale.

Sababu ni hii. Mimi ni mzaliwa wa Kimilili, sikukulia ziwani. Maelezo ninayowasomea wanafunzi ili wayaandike niliyanakili chuoni kutoka kitabu cha Kiingereza kilichoeleza samaki wa bahari za Ulaya, ambaye hutaga mayai majini na kuyaacha, na silabasi ilipobadilishwa baada ya Uhuru ikatutaka tufundishe viumbe wa hapa kwetu, nilikata jina la samaki yule kwa mstari mmoja nikaandika juu yake "ngege", nisibadilishe neno lingine lolote, kama nilivyofanya kwa viumbe wengine kadhaa, na tangu hapo kila mwaka nimesoma hivyo, nao wamekariri hivyo, nami nimewapa alama.

Muhula wa tatu mwaka jana, kabla ya kozi, msichana mmoja wa Kidato cha Tatu, ambaye nitamwita Aoko ingawa si jina lake, alisimama nikiwa katikati ya imla.

"Mwalimu, pole, lakini si hivyo. Mama yangu anapasua ngege kila siku pale ufuoni. Mayai yanatoka mdomoni."

Nikamwambia, "Basi ngege huyo alikuwa anakula mayai ya mwenzake."

Darasa likacheka. Mmoja akapaza sauti nyuma, akimkejeli, "Daktari wa Samaki!" Lakini Aoko hakuketi. "Sasa Mwalimu, kama amekula, mbona tumboni hakuna hata moja?"

Swali hilo lilikuwa la kisayansi kabisa, naliona leo, lakini siku ile nililiita ukaidi, na wiki ileile nikamwondoa katika biolojia, na kwenye ripoti yake nikaandika kwamba hana nidhamu ya sayansi. Naye alikuwa ananuia kwenda chuo cha wauguzi, ambako bila biolojia hawamchukui mtu.

Nimekwisha kumweleza mkuu wa shule kuhusu maelezo yale. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Mwalimu, hawa wanafanya mtihani mwaka huu. Ukiwaambia ukurasa huu ni uwongo, watakuuliza zile kurasa zingine ni nini. Utawajibu nini?" Nami sijui ningewajibu nini, kwa sababu hata mimi nimeanza kujiuliza panzi wa maelezo yangu ni panzi wa wapi, ua langu ni ua la nchi gani, na msahihishaji wa mtihani atataka ngege wa ziwani au ngege wa daftari. Bi. Kageha alisisitiza kwamba mwanafunzi aone kabla ya kuambiwa, lakini sijui kama atakachokiona kitalingana na atakachoulizwa, na sijui kama kozi ile ilinifanya mwalimu bora au iliniondolea tu uhakika niliokuwa nao. Fomu za watahiniwa zinafungwa mwisho wa mwezi huu, na orodha ya biolojia naiandika mimi. Je, nisahihishe maelezo sasa, au niwaache wamalize mtihani kwanza?

Mwalimu W., Asembo

*

Mwalimu W.,

Pole. Mtu makini akikuta kosa lake mwenyewe, huumia kuliko mzembe, na barua yako ni ya mtu makini. Ndiyo maana nimeshangaa kwamba umeuliza juu ya ukurasa tu. Juu ya Aoko hukuuliza neno. Hata mkuu wako, kwa jinsi unavyosimulia, ulimweleza juu ya maelezo, msichana hukumtaja.

Nianze na lililo rahisi. Sahihisha sasa. Huhitaji ruhusa ya mtu kufuta kosa lako ubaoni, na msahihishaji usimfanye kisingizio. Hujui anataka nini, unajua ulichokiona kwenye karai. Nunua ngege, wanafunzi wafungue vinywa wenyewe. Samaki mmoja huyo atakufundishia uzazi na upumuaji, na pia kwa nini samaki hupungua ziwani wavuvi wanapovua majike wanaolea. Imla yako ya miaka saba haikufika huko.

Swali la mkuu wako ni la haki, na wewe pekee ndiwe unayeweza kulijibu, kwa kuwa kurasa ulizobadilisha jina tu unazijua. Mkono wako ndio uliochora mstari. Keti nazo Jumamosi. Panzi wapo kwenye nyasi nje ya darasa, maua yapo uani. Usilolihakikisha, waambie hujalihakikisha. Vijana wa miaka kumi na minane hawatazimia. Nawalaumu pia walioandaa kozi, ambao huwapa walimu jambo zito kwa wiki mbili kisha huwarudisha kila mmoja peke yake. Mwandikie Bi. Kageha, umtajie kurasa zinazokutatiza. Mtafute mwalimu wa biolojia wa shule ya jirani mkutane kila mwezi. Mkanganyiko wa mawazo ulio nao ni wa mtu aliyeanza kuchunguza akiwa peke yake, nao hupungua akipata mwenzake.

Sasa Aoko. Ulimfanya achekwe mbele ya wenzake ilhali alikuwa sahihi, ukamnyang'anya somo, kisha ukaandika uwongo kwenye ripoti yake. Hayo hayafutwi kwa kusahihisha ukurasa. Rudi kwa mkuu wa shule Jumatatu, umwambie kwa nini ulimwondoa, na uombe ripoti ile ibadilishwe kwa maandishi. Akikubali kurudi, masomo aliyoyakosa utamfundisha mwenyewe baada ya vipindi, yeye na mwenzake mmoja, asiwe peke yake nawe.

Lakini usiandike jina lake kwenye orodha kabla ya kumuuliza. Pengine amekwisha kujipangia njia nyingine, pengine hataki tena kuketi mbele yako. Muulize waziwazi, mbele ya darasa lilelile, na useme kwanza ulikosea nini. Kisha unyamaze umngoje ajibu, hata akikawia. Akikubali, mwandike siku hiyohiyo. Akikataa, usimbembeleze ili wewe upate kulala vizuri. Mwambie nafasi yake iko wazi mpaka saa ya mwisho ya kufungwa kwa fomu, na siku hiyo usiondoke ofisini mapema.