Baba Chela, Marsabit Ulisema Ukweli

Baba Chela,

Nimefika. Ile Marsabit yako nimeenda na nimerudi, sasa nimeketi nyuma ya kibanda yangu hapa Roret na kalamu ya kuomba. Usicheke mwandiko. Unajua mimi niliachia shule darasa la nne, na mwalimu akashukuru Mungu.

Kwanza niseme kitu moja, halafu tuongee vizuri. Ile jina Ndovu ni mimi nilikupatia. Nafikiri ulijua. Siku ile ulituambia kwa soko ati huko jangwani kuna mlima, na juu ya mlima kuna mji, na asubuhi ukungu inaufunika kama hii yetu ya Kericho, na ndovu wanakunywa maji kwa ziwa ndani ya msitu. Mimi nikauliza mbele ya watu kama hao ndovu walikuwa wamevaa gambuti. Soko yote ikacheka, ikaanza kukuita Ndovu. Wewe pia ulicheka. Lakini kutoka siku hiyo ukirudi safari unasimamisha lori, unanunua sukari yako, unaenda nyumbani. Hadithi zikaisha. Miaka yote ya barabara, na mimi nikafunga mdomo yako na mzaha moja.

Wakati tulikuzika sikusema kitu. Mimi, kunyamaza. Watu walifikiri naumwa na meno.

Basi nikajaza magunia mbili ya majani chai, nikasema naenda kuuza Marsabit. Biashara ilikuwa sababu tu. Nilitaka kujua kama nilimcheka mtu wa ukweli. Mama Chela akaniletea sweta yako ya kijani, akasema, "Yeye alikuwa anasema huko hulali bila sweta." Nikaichukua kwa heshima, nikaiweka chini kabisa ya mfuko. Mtu anatoka baridi ya Kericho anaenda jangwani na sweta? Nikapanda lori, na Isiolo tukaungana na malori zingine, askari mbele, askari nyuma, sababu ya majambazi. Vumbi siku nzima, jua mpaka masikio inachomeka. Nikasema kwa roho, pole Baba Chela, hapa umeshindwa.

Halafu jioni lori ikaanza kupanda. Mzee, baridi iliingia mpaka kwa mifupa. Nilimwaga viatu, nikamwaga mashati, natafuta sweta ya marehemu kama mwizi. Dereva alicheka mpaka akakohoa.

Asubuhi, ukungu. Ng'ombe zinapita unasikia kengele tu. Nikasalimia mtu simwoni "chamgei" ya kwetu, nikifikiri niko Litein hapa karibu na nyumbani.

Nikafanya yote ulisema mgeni afanye. Nikaenda kwa visima, wanaume wamesimama ndani mmoja juu ya mwingine kama ngazi, wanapitisha ndoo wakiimba, na ng'ombe zinakuja zikisikia wimbo ya wenyewe. Hiyo ya kuimba hukutuambia. Nafikiri ulikuwa umeiweka ya siku ingine, na mimi nikakufunga mdomo. Hapo nililia kidogo, nikasema ni vumbi.

Ziwa nimeona. Ndovu, hapana. Niliona mavi yake, moto bado, kubwa kama sufuria ya harusi. Askari wa msitu akasema turudi, na mimi sikubishana.

Ulisema mgeni akiingia kwa mama anauza chai asikatae kikombe ya kwanza. Maziwa ya ngamia, ina moshi kama mursik, ile maziwa ya kibuyu ya nyumbani, na ubani inawaka kwa kona ya nyumba. Nikamuuliza kama anajua dereva mmoja wa Kericho, mrefu, amekosa meno ya mbele. Akaweka birika chini. "Yule mwongo wa majani chai?"

Ati uliwaambia kwetu vilima zote ni kijani ya chai mpaka macho inachoka, na mvua inanyesha kila siku saa nane. Walikucheka, Baba Chela. Huko pia. Na wewe ukaendelea kurudi.

Nikasimama na hiyo sweta nikawaambia ni kweli, kila kitu, hata hiyo saa nane. Na wao, kwa sababu hawanijui, wakaniamini.

Hapa nyumbani ndio shida. Nimesema kwa soko ulisema ukweli, wakaniuliza kama ndovu walinisalimia. Sasa wananiita Ndovu Mdogo. Naitika. Ni haki yangu.

Lakini Mama Chela nilimrudishia sweta. Akaiweka kwa pua, ubani na moshi ya huko bado iko ndani. Akasema, "Hii ndio harufu alikuwa anarudi nayo."

Asante, mzee. Ulicheka na mimi kwa soko ili nisiaibike, na bado ukaniachia mahali pa kwenda. Tukimaliza kuvuna mahindi nitampeleka Mama Chela, akunywe hiyo kikombe ya kwanza. Yeye ndiye atawaambia watu wa huko habari ya vilima. Mimi nitanyamaza, nimeapa.

Sai sere, Baba Chela. Nenda vizuri. Safari hiyo nitabeba sweta yangu mwenyewe, maanake yako Mama Chela amekataa kuifua.