Picha Aliyocheka Mama

Dada, shikamoo.

Picha za wazee ulizoagiza nimezimaliza. Nilitundika shuka jeupe sebuleni, nikawakalisha mmoja mmoja karibu na dirisha. Mjomba aligoma katakata kuvua kofia. Shangazi alikuja na viatu vipya. Nilipomwambia picha inaishia kifuani, akasema, "Miguu yangu inajua."

Aliyenitoa jasho ni Mama. Siku hizi ananiita nesi, kwa kuwa mimi ndiye ninayemwogesha na kumpa dawa. Nimeshazoea. Kila nilipomwomba acheke, alininunia tu. Mwishowe nikamwambia, "Humu kwenye kamera yumo binti yako mkubwa, anakuangalia kutoka huko aliko."

Uso ukamchanua. Akaisogelea kamera, akauliza, "Umekula, mwanangu?"

Nikabonyeza. Kisha nikamjibu kwa niaba yako kwamba umekula, umeshiba.

Hiyo ndiyo iliyomo kwenye bahasha hii. Imetoka vizuri, iwekee fremu. Ile aliyonuna sikutumii, nimebaki nayo mwenyewe. Katika hiyo ananiangalia mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Nesi