Mguu wa Kushoto wa Kiberiti

Chumba cha Vipimo vya Mishipa,
Ghorofa ya Pili.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Natumai hujambo na kazi huko ng'ambo inakwenda. Sisi huku tu wazima, ila magoti ya Mama bado yanamsumbua, na masikio ya Baba yamezidi kuwa mazito, ingawa likitajwa jina lako husikia vizuri sana. Nimekusalimu kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Sasa nisikilize.

Nimeusoma ujumbe uliomtumia mdogo wetu Kiberiti. Alinionyesha mwenyewe. "Mguu haufi, kinachokufa ni moyo. Acha uvivu, kanyaga pedali." Na chini yake umebandika picha ya karatasi ya vipimo yenye sahihi yangu mimi! Kaka, huna haya.

Tuanze na karatasi hiyo, maana kosa langu nalikiri. Mwezi wa pili Kiberiti alikuja kazini kwangu akilalamika kwamba akiendesha baiskeli kwa kasi mguu wa kushoto unajaa, unakufa ganzi, kisha nguvu zinamwishia. Akipumzika dakika tano, yu mzima. Nikamlaza kitandani, nikampaka ile jeli ya baridi, nikapitisha kipimo kuanzia tumboni hadi miguuni. Niliona mishipa ya mwanamichezo hasa: mazoezi ya miaka yameitanua, damu inapita bila kubembelezwa. Nikaandika kwamba hana tatizo, nikamwita anayefuata. Nilimpima mwendesha baiskeli akiwa amelala! Ni sawa na kutafuta paa linapovuja wakati wa kiangazi.

Wewe ukaichukua karatasi hiyo ukaifanya fimbo. Miezi minne umemchapa nayo kwa simu, eti ndiwe kocha wake. Ukamwongezea milima. Ukawaandikia wanaochagua timu kwamba binti ni hodari wa visingizio. Nani alikutuma?

Jumanne iliyopita alishuka kwenye baiskeli katikati ya mlima akashindwa hata kusimama. Nikamleta tena. Safari hii niliburuta baiskeli ya mazoezi kutoka chumba cha tiba ya viungo, mlinzi akinitazama kama mwizi, nikamwambia Kiberiti akanyage mpaka mguu ufe. Ulipokufa nikampima presha kwenye vifundo vya miguu yote miwili. Wa kulia ulikuwa sawa. Wa kushoto presha ilikuwa imeshuka hadi nusu. Nikarudia, nikidhani mashine imekosea. Haikukosea.

Daktari wa mishipa alinieleza, nami nakueleza polepole kwa kuwa unajifanya mwalimu. Kuinama juu ya usukani miaka nenda miaka rudi, paja likipanda na kushuka maelfu ya mara kwa siku, kunaukunja mshipa mkubwa unaopita nyongani. Ukuta wake unaota unene kwa ndani. Mtu akilala, nafasi iliyobaki inatosha. Akikanyaga kwa nguvu, msuli unadai damu nyingi na njia haipo. Mazoezi yale yale yaliyomtanulia mishipa mingine ndiyo yaliyomziba huu. Wavivu hawaupati ugonjwa huu, Kaka. Hawaendeshi vya kutosha.

Atapasuliwa mwezi ujao. Hakuna aliyemwahidi kwamba atashindana tena. Alichoambiwa ni kwamba akiendelea na hiyo milima yako, mshipa unaweza kuziba kabisa. Alilia, akapangusa kamasi kwa jezi ya timu, kisha akaniuliza, "Dada, kwa hiyo sikuwa nadanganya?" Umemfikisha mahali pa kujitilia shaka mguu wake mwenyewe. Hilo sijakusamehe, na usinipigie simu leo kuniomba.

Linalonichemsha zaidi ni kwamba wewe ndiwe uliyepaswa kujua. Nilikuwepo siku ile uliposimama kwenye mlima huo huo, umelishika paja, na Baba akakuita goigoi mbele ya watu wote. Uliitundika baiskeli ukutani, na mwezi haukuisha ukaondoka. Wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe ulikilalia, na kunguni wake unawajua mmoja mmoja, kisha ukamtandikia mdogo wako. Mkuki kwa nguruwe, sivyo?

Msalimie wifi na watoto, wao hawana kosa. Mama anakusalimu na kukuombea, kama kawaida yake ya kukudekeza. Kiberiti hakusalimii.

Baba naye aliiomba karatasi ya pili. Aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari, kisha akaniuliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Kaka yako alikuwa akiumwa mguu upi?" Nikamjibu kwamba ni wa kushoto. Tangu hapo hajala vizuri. Jana nilimkuta ameishusha baiskeli yako ukutani, anaifuta vumbi.

Mungu akulinde hata pale usipostahili.

Nakupenda, na nimekukasirikia vilevile,
Mdogo wako wa vipimo.

Kapimwe, Kaka. Na wakikwambia ulale, kataa.