Nguo Iliyokwenda Upande

Mbinga Mjini,
18 Agosti 1992

Kwako dada yangu Edina,

Shikamoo dada. Mmeamkaje huko Kingerikiti? Shemeji Ignatio hajambo? Na huyo uliyembeba tumboni, anakupa nafasi ya kulala? Mimi ni mzima, ila baridi ya mwaka huu imenipasua midomo, na vidole vinakufa ganzi asubuhi kabla sijashika mkasi.

Wakati wa Pasaka nilikueleza kuwa nimepata fundi wa kunifundisha kushona vizuri. Ni mzee Bartholomayo, anayeweka cherehani yake barazani kwenye duka moja karibu na soko. Dada, tangu serikali iachie biashara huru, duka hilo limejaa majora ya vitambaa hadi darini. Watu wanatoka Matiri na Kitura, wanasimama tu kuyatazama. Sisi tuliozoea kupanga foleni kwa kipande cha kitambaa cha marekani, leo tunaulizwa tunataka rangi gani. Lakini kilichonishangaza mimi si majora. Ni uzi mmoja.

Tulipata kazi ya kushona mifarishi kumi, yale mashuka mazito ya vipande vilivyoungwa, ya wodi ya wazazi. Nilikata vipande vya mraba, vyote sawa kwa rula, nikaviunga. Mfarishi ukafura katikati kama andazi, na pembe moja ikajikunja. Nikaupiga pasi, wapi. Fundi hakunigombeza. Aliniambia nifumue wote, kisha akachukua kitambaa kipya cheupe, akakichana kidogo pembeni kwa mkasi, akatafuta uzi mmoja kwa ncha ya sindano na kuanza kuuvuta.

Aliuvuta taratibu, kitambaa kikijikusanya na kuachia, mpaka ule uzi ukatoka mzima upande wa pili. Mahali ulipokuwa pakabaki njia nyembamba, imenyooka kuliko mstari wowote niliowahi kuuchora kwa chaki. Fundi akakata kwa kuifuata. Kumbe ule ukingo uliokatwa dukani, niliouona umenyooka, ulikuwa umekwenda upande vidole vinne vizima. Vidole vinne, dada, na macho yangu hayakuona kitu.

Tulipokikunja, pembe hazikukutana. Akaniambia nishike pembe moja, yeye akashika ile ya mshazari, tukavuta, tukaachia, tukavuta tena. Nilikisikia kitambaa kikisogea ndani ya mikono yangu, kama mtu anayejigeuza usingizini. Tukakikunja tena na pembe zikalaliana. Nimeshona miaka saba bila kujua kwamba ndani ya kila nguo kuna njia mbili, ya urefu na ya upana, na kwamba zilikuwapo kabla mimi sijaleta mkasi wangu.

Mzee Bartholomayo alisema kitambaa hakina kosa, kilivutwa tu vibaya kilipokuwa kinazungushwa kwenye jora. Nikamuuliza, je, mtu akikata bila kukinyoosha, au akikata mshazari makusudi ili kuokoa kitambaa? Akajibu, bila kuinua macho, kwamba nguo hiyo itakaa vizuri siku ya kupimwa. Baadaye itaanza kuzunguka mwilini, mshono wa ubavuni utahamia mbele. "Na watu hawatamcheka fundi," akasema. "Watamcheka aliyeivaa."

Hapo mikono yangu ilisimama, dada. Niliiona harusi yako.

Kitambaa cha gauni lile nililokushonea, baba alikipata kwa foleni ya siku mbili Songea. Kilikutosha wewe tu. Lakini mimi nilikuwa natamani blauzi. Nikavigeuza vipande vya sketi yako mshazari, nikavibana, nikabakiza pembe ya kunitosha. Ile blauzi nyeupe niliyosema nimepewa na rafiki yangu Zita, ilitoka kwenye gauni lako. Ulipotembea kuelekea altareni, mshono ulikuwa umeshafika mbele ya paja. Mama mkwe wako akaniuliza kama bibi harusi ana ubovu wa nyonga. Mimi, kwa aibu yangu, nikajibu kwamba uliwahi kuanguka mtoni ulipokuwa mdogo sana. Yeye ndiye aliyekuambia kwamba nyonga yako iliharibika kwa kuanguka huko, nawe ukaamini.

Miaka mitano unajifunga kanga mbili juu ya kila nguo. Ngoma za wanawake huingii. Na Pasaka uliponiambia unaogopa kujifungua kwa sababu mwili wako umekwenda upande, na kwamba hata maneno ya muuguzi hayakutulizi, nilikupa pole nikanyamaza. Sikujua bado njia za kitambaa, lakini nilijua sketi niliikata mimi. Sikuwa na ujasiri wa kukuambia.

Nimemweleza mzee Bartholomayo. Aliweka pasi chini, akaniambia kwamba kwake sina la kuungama, kwa kuwa nguo ile ilikuwa na mwenyewe.

Kwa hiyo Jumamosi nitapanda lori linaloteremka huko. Nitamwambia mama mkwe wako kwa kinywa changu, shemeji akiwepo. Barua nimeitanguliza kwa sababu sitaki ulale hata siku tatu zaidi na hofu ile. Daftari langu la vipimo vya mwaka wa harusi ninalo bado. Nilikupima mimi, dada, kutoka kiunoni hadi kifundo cha mguu. Kulia inchi thelathini na nane. Kushoto inchi thelathini na nane.

Nisalimie shemeji na wote wa hapo nyumbani. Mama anawakumbuka katika rozari. Ukinifungia mlango nitakuelewa, nami nitakaa nje mpaka utakapoufungua.

Mdogo wako,
Ottilia